Fanya Vile Inalia

Gari la Baba lilikuwa linalia. Nalisema mapema kwa sababu kwa muda mrefu, nyumbani kwetu Kawangware, kulisema tu jambo hilo kulikuwa kutangaza vita. Mama alilisikia, majirani walililalamikia, na hata watu tusiowajua, wakivuka barabara na mifuko yao ya viazi, walisimama wakageuza shingo kutafuta kinachokuja. Baba peke yake ndiye hakusikia kitu. "Hii gari iko sawa," alikuwa akisema, mkono mmoja kwenye usukani, huku chini ya miguu yetu kitu kinagonga kama mtu aliyefungiwa chooni. "Nyinyi mnapenda tu maneno."

Baba yangu ni seremala. Alitoka Kitui akiwa kijana, akaanza kutengeneza vitanda kando ya barabara Kawangware, na mpaka leo yuko pale pale, vumbi la mbao kwenye nyusi. Mimi ni kifungua mimba wake. Nilipokuwa mdogo, mvua ikinyesha na njia zikigeuka uji, alinibeba mabegani hadi shuleni ili soksi zangu zifike nyeupe. Huko juu mabegani ndiko alikoniahidi kwamba siku nitakayoolewa atanipeleka kanisani kwa gari lake mwenyewe, akiliendesha mwenyewe. Wakati huo hakuwa na gari. Hakuwa na baiskeli pia, na hata mkokoteni wa kubebea mbao alikuwa akiazima. Nilimuuliza gari litakuwa la rangi gani, akaniambia nitachagua mimi.

Sikuchagua. Gari lilikuja nikiwa mtu mzima, nina kibanda changu Soko la Toi ninaporekebisha nguo za mitumba, na lilikuja na rangi yake tayari: kijivu cha maji yaliyooshewa vyombo, isipokuwa mlango mmoja wa nyuma uliokuwa wa buluu kwa sababu ulitoka kwenye gari jingine lililokufa. Lilikuwa la ile aina ndefu, yenye nafasi nyuma ya viti. Siku za kazi lilibeba vitanda na meza, Jumapili likatubeba sisi. Nililipenda kijinga. Nilikuwa naliaga jioni.

Halafu nikapata mchumba. Ni fundi wa kuchomelea milango ya chuma, mzaliwa wa Kibera, wazazi wake wametoka magharibi mwa Kenya, na ana tabia ya kunisikiliza mpaka mwisho wa sentensi, jambo ambalo kwetu halijawahi kutokea. Familia zikaanza kutembeleana. Kila safari ya Kibera Baba alitushindilia wote ndani ya gari, Mama, wajomba, shangazi na ndizi, na gari likalia kutoka Kawangware hadi mlangoni kwa wakwe bila kupumua.

Mama mkwe wangu alilipenda hilo. Alikaa na dirisha la jikoni wazi, na kwao kuna kona kali yenye vibanda pande zote mbili, huwezi kuona kinachokuja mpaka kikufikie. "Mimi siulizi mmefika wapi," alituambia akicheka. "Nikiisikia tu hapo kwa kona, naweka majani." Na kweli, kila tulipoingia chai ilikuwa inachemka. Sote tulicheka. Baba alitazama kikombe chake akasema mama huyo anapenda utani.

Shida ilianza kwa kamati ya harusi. Yeyote aliyewahi kuolewa Nairobi anajua kwamba harusi si yako, ni ya kamati. Walikaa sebuleni kwetu, wakala chapati zetu, wakaamua kwamba bibi harusi atabebwa na gari la kukodi, jeupe, lenye kiyoyozi. Baba aliweka sahani chini.

"Mtoto wangu hapelekwi na gari ya watu."

Mwenyekiti, mwanamume mwenye sauti ya kutangaza mnada, alimwambia kwa upole kwamba hakuna anayemdharau, ila lile gari lina kelele, na video itakuwa na sauti.

"Kelele gani?" Baba akauliza.

Hapo nilicheka. Nina ugonjwa huo, nacheka mahali pa kulia, na nikianza siwezi kujizuia. Nilicheka mpaka nikatoka nje, na huko nje, nimeshika ukuta, nikagundua kwamba machozi hayakuwa ya kicheko yote. Nilimtaka Baba. Nilitaka kisogo chake mbele yangu na mikono yake kwenye usukani, kama alivyosema tangu zamani. Sikutaka kiyoyozi. Nilirudi ndani nikawaambia kamati kwamba gari litatengenezwa. Walinong'onezana, kisha wakatoa hukumu: likinyamaza kabla ya Jumamosi ya harusi, Baba ataendesha. Likiendelea kulia, linakuja jeupe, na Baba ataketi nyuma kama mgeni.

"Mtatengeneza kitu haina shida," Baba alisema, lakini alileta funguo.

Mchumba wangu alitupeleka kwa fundi jirani yake, Kibera, kwenye kiwanja kidogo nyuma ya wauza mkaa. Fundi huyo alikuwa mwanamume mnene, mwenye maneno mengi na ovaroli iliyokatwa mikono, na alikuwa na sheria moja. Hafungui boneti kabla ya kusikia kelele. Na kwa kuwa gari, kama mtoto aliyepelekwa hospitali, lilikuwa limeacha kulia mara tu tulipofika, alitukunjia mikono kifuani.

"Haya. Fanya vile inalia."

"Nani, mimi?" nikasema.

"Wewe ndio umekuja kulalamika, madam. Inalia aje? Usiniambie 'inagonga'. Kila kitu hugonga. Wewe fanya."

Nikatazama kulia na kushoto. Kulikuwa na mama anayekaanga mihogo, vijana wawili wa pikipiki na kuku. Nikavuta pumzi nikafanya: "Ko-ko-ko-ko-ko." Kuku aliinua kichwa.

Mama akanisukuma kando. "Hiyo si yenyewe, hiyo ni kuku." Mama huimba sauti ya pili kwaya ya kanisani na hawezi kuachia jambo la sauti mikononi mwa watu wasio na mazoezi. Aliweka mkono tumboni, akafunga macho, akatoa mlio mrefu mwembamba uliopanda juu, ukakaa huko, ukashuka. "Iiiiiiii." Mama wa mihogo akasema amina.

Mchumba wangu, mtu mtulivu, mtu niliyemkabidhi maisha yangu, alichuchumaa, akapuliza mashavu na kufanya "Trrrrrr-ngo, trrrrrr-ngo," huku anatikisa mabega. Vijana wa pikipiki walipiga makofi. Mmoja akasema, "Niaje, si mfanye yote pamoja?" Basi tukafanya pamoja. Mimi ko-ko-ko, Mama iiii, yeye trrr-ngo, katikati ya kiwanja, mchana kweupe. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo na nguo zangu zikiwa safi.

Fundi alisikiliza kichwa kikiwa upande. Kisha akakataa.

"Mmeniletea magari matatu. Na halafu kuna kitu inakosekana hapo mwisho. Kelele ya gari haimaliziki tu hivyo, lazima kuna vile inanyamaza." Akamgeukia Baba, aliyekuwa amesimama mbali, mikono nyuma, akitazama mawingu. "Mzee, wewe ndio dereva. Hebu fanya."

"Mimi sijasikia kitu."

"Lakini mzee, si unakaa hapo mbele, karibu na injini?"

"Ndiyo maana najua hakuna."

Fundi aliamua ni mkanda wa feni. Alilisema kwa fahari, kama anayesoma matokeo ya uchaguzi. Akaweka mkanda mpya, akaliendesha mwenyewe mpaka barabarani na kurudi, kimya kabisa. Tukashangilia. Tukapanda wote, na kabla hatujamaliza kupanda kile kilima cha kuelekea Soko la Toi, likalia. Mama akaimba nalo kuonyesha kwamba ndiye aliyekuwa sahihi.

Tukarudi. Fundi akaliendesha tena, kimya. Tukapanda, likalia. Akaliendesha na mchumba wangu, kimya. Alianza kututazama kwa jicho baya, kama watu wanaotembea na kelele yao mfukoni. Mimi nilikuwa nimekwisha, nimekaa juu ya tairi kuukuu nafuta macho, nikiwaza gari jeupe linakuja na Baba anaketi nyuma, na bado nacheka. Ni Mama aliyesema lile jambo, akiwa hata hafikirii gari. Alisema, "Labda linachukia familia yetu. Likiwa na mtu mmoja au wawili halina neno."

Fundi akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Uzito," akasema. "Inataka mzigo nyuma."

Sasa, uzito haupatikani kirahisi mchana wa kazi, na fundi alitaka uzito unaojaa vizuri kwenye kiti cha nyuma. Nilikimbia Soko la Toi, si mbali, nikaita jirani zangu wa kibanda. Kuna anayeuza mapazia, kuna wa viatu vya watoto, na kuna wa sidiria, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote na anajivunia. Niliwaeleza kwamba gari linataka kupimwa kwa uzito.

"Kwa hivyo umekuja kutuchukua sisi," wa sidiria akasema polepole. "Ukaangalia soko yote, ukaona sisi."

"Ni kwa ajili ya harusi."

"Si ungesema harusi!" Akafunga kibanda.

Tulijipanga kama tunapakia makabati. Wa sidiria katikati, wengine pande zote mbili, mimi nimeingia nyuma kwenye nafasi ya mizigo na magoti masikioni. Baba kwenye usukani, uso wake hausemi kitu. Fundi, kwa sababu ambazo hata leo sizielewi vizuri, alisema ni lazima asikie kwa karibu, akafungua boneti nusu, akaifunga na kamba isiruke, akatembea kando ya gari huku sikio lake liko pale kwenye upenyo. Baba akaweka gia ya kwanza, akaanza kupanda kilima kwa mwendo wa maandamano. Watoto wakatufuata. Wa mapazia alipunga mkono kwa watu kama rais.

Likalia. Oh, lililia lote, likamwaga kila kilichokuwa ndani yake, na wale wanawake watatu, ambao hawakuwahi kulisikia, walipiga mayowe na kushikana. Fundi aliruka hewani.

"Maunti! Ni maunti! Mzee simamisha!"

Akatueleza pale pale barabarani, pikipiki zikituzunguka na kutupigia honi. Injini hukalia raba nene zinazoishikilia isitikisike, ndizo maunti. Raba moja ilikuwa imekatika. Gari likiwa tupu injini ilitulia, lakini likijaa watu na kuanza kupanda, injini ilijivuta ikainama, bomba la moshi likagonga chuma cha chini, feni ikakwaruza kifuniko chake. Kumbe tulikuwa sahihi sote. Iiii ilikuwa feni, ko-ko ilikuwa bomba, trrr-ngo ilikuwa injini yenyewe ikijivuta. Mama alisema alijua. Fundi alisema yeye pia alijua tangu mwanzo, ile ya mkanda alikuwa anahakikisha tu. Alibadilisha raba siku hiyo hiyo, tukawapakia tena wale wanawake, tukapanda kilima, tukashuka, tukapanda tena. Gari lilikuwa kimya kiasi kwamba wa viatu alisinzia.

Mwenyekiti wa kamati alikuja kulisikiliza mwenyewe, akazunguka, akasema sawa. Na kwa kuwa kamati ni kamati, walipoona gari limepona, siku ya harusi waliliwekea mzigo. Nyuma walijaza katoni za soda na maji ya meza kuu. Kiti cha mbele wakakiwekea keki na kuifunga mkanda. Kiti cha nyuma nilikaa mimi na gauni langu, ambalo nililishona mwenyewe na kwa furaha nikapitiliza, likajaza kiti kizima mpaka dada zangu wakakosa pa kukalia. Wao na Mama walipanda basi dogo la kwaya lililotufuata. Kwa hiyo humo ndani tulikuwa Baba, mimi na keki.

Baba alikuwa na suti ya kahawia na alikuwa amefuta vumbi la mbao kwenye nyusi. Pale Ngong Road mkokoteni wa matangi ya maji ulikwama mbele ya basi la kwaya, nikaliona linabaki nyuma, Mama ametoa kichwa dirishani anampigia kelele mwenye mkokoteni. Baba hakusimama. Tulipita Toi, tukateremka Kibera, tukachukua ile kona kali yenye vibanda. Hata tuta la pale halikutoa neno. Gari liliteleza mpaka uwanja wa kanisa kama miguu yenye soksi, likasimama.

Hapakuwa na mtu.

Nilikuwa nimeambiwa kwamba mama mkwe, shangazi zake na wanawake wote wa kanisa watanipokea nje kwa nyimbo, vigelegele na kanga za kutandika chini. Hiyo ilikuwa imepangwa kwa miezi. Uwanja ulikuwa mtupu, isipokuwa viti vya plastiki na mbwa. Kutoka nyuma ya kanisa tulisikia wanawake wanazungumza na kucheka kivulini, kwa raha zao, na juu ya sauti zote nikaitambua ya mama mkwe:

"Kaeni tu, jua ni kali. Hiyo gari tutaisikia."

Baba na mimi tulitazamana kwenye kioo cha juu. Nilihisi kicheko kinapanda kutoka miguuni, kile cha ugonjwa wangu, nikaziba mdomo na maua. Tulikuwa tumelitengeneza vizuri mno. Mji mzima ulikuwa umesubiri kelele, na sisi tumekuja bila.

"Niwaite?" nikauliza.

"Ngoja," Baba akasema. "Ngoja kidogo."

Akazima injini. Tukakaa. Sikuwahi kukaa ndani ya gari hilo nikasikia kimya, na ndani ya kimya hicho nilimsikia Baba akipumua, pumzi fupi fupi, kama alivyokuwa akipumua akipanda na mimi mabegani. Kisogo chake kilikuwa kimekuwa na mvi nyingi kuliko nilivyodhani. Kicheko changu kikaisha chenyewe.

"Rangi hukuchagua," akasema.

"Hii ni nzuri, Baba."

Aliitikia kwa kichwa. Akapangusa usukani na kiganja, kama anavyopangusa meza iliyokwisha. Halafu akashusha kioo chake, akatoa kichwa nje, akajaza kifua hewa, na akafanya vile gari lilivyokuwa likilia.

Alifanya lote. Alianza na ile ya Mama, nyembamba, ikapanda mahali hasa ilipokuwa ikipanda. Akaingiza ko-ko-ko chini yake, sijui kwa mdomo gani, zikianza polepole na kukimbia kama kwenye kilima. Akaweka ile trrr na ngo yake. Na mwisho, pale tuliposhindwa sote mbele ya fundi, aliweka kile kilichokuwa kikikosekana, kikohozi kidogo na pumzi ndefu inayoshuka, "kho, haaaa," ambayo nilipoisikia nikakumbuka kwamba ndiyo iliyokuwa ikiniambia, kila jioni nikiwa ndani nashona, kwamba Baba amefika nyumbani.

Nyuma ya kanisa mazungumzo yalikatika. "Ndiyo hiyo!" mama mkwe akapiga kelele. "Wamefika kwa kona! Amkeni!" Na vigelegele vikalipuka kabla hata hawajatuona, wakaja mbio wakizunguka ukuta, kanga mikononi, kofia zimepinda, mmoja ana kiatu kimoja.

"Baba," nilisema, nalia na kucheka, sijui kipi ni kipi, "kumbe ulikuwa unasikia."

"Tangu siku ya kwanza." Alikuwa anafuta macho na mkono wa suti mpya. "Ningesema inalia, nani angeniacha nikulete?"

Kisha akashuka, akazunguka akafungua ule mlango wa buluu, akanipa mkono.

"Toka sasa," akasema. "Wamesikia."